Kutoka Kariakoo hadi Guangzhou: tuvae nini njiani?

Wiki hii tunaiweka kando mada ya malezi tuliyokuwa nayo, kwa kuwa imetufikia barua ambayo jibu lake haliwezi kusubiri. Mwenye barua anasafiri baada ya siku kumi na mbili.

Dada yetu huyu ana duka la mapazia na vitambaa vya makochi Kariakoo. Kwa miaka yote mumewe ndiye aliyekuwa akienda Guangzhou, China, kufuata mzigo. Mwaka huu daktari amemkataza mumewe safari ndefu kwa sababu ya kidonda cha mguu, naye ana kisukari. Familia imekaa, ikashauriana, ikaamua aende yeye akifuatana na mdogo wake wa kiume. Mtaji anaoubeba si wake peke yake. Zimo fedha za mumewe, umo mchango wa shemeji yake, na imo zamu yake ya upatu aliyopewa mapema kwa hisani ya wenzake. Atatua asubuhi, na saa nane mchana wa siku hiyo hiyo ana miadi na mwenye kiwanda ambaye mumewe amefanya naye kazi miaka mingi lakini yeye hajapata kumwona.

Anatuuliza: avae nini? Mama mkwe anamwambia avae baibui lake la harusini, lile lenye mawe mikononi, asije akaonekana kama mtu aliyekwenda kuomba. Wifi yake, ambaye amekwisha kufika Dubai mara mbili, anamwambia avae suruali ya michezo na dera juu yake, mambo ya kupendeza atayajua akifika. Yeye anaona haya hata kuuliza, kwani anahisi ni swali la kipuuzi mbele ya fedha nyingi kiasi hicho.

Dada yetu, swali lako si la kipuuzi. Mama mkwe ana hoja, na wifi naye ana hoja, na sote wawili tunawapinga kwa heshima.

Safu hii huandikwa na mke na mume, na ingawa majina yetu hatuyaweki, makosa yetu hatuyafichi. Safari yetu ya kwanza ya Guangzhou tulijiandaa kama watu wanaokwenda kwenye walima. Mwanamume alivaa kanzu nyeupe ya tetroni iliyopigwa pasi mpaka ikasimama, na kofia ya mkono iliyofuliwa kwa wanga. Mwanamke alivaa viatu vipya vyenye kisigino kifupi, vilivyomkaa sawasawa kabisa siku alipovijaribu dukani. Kabla ya kufika Dubai chai ilikuwa imekwisha kumwagikia kanzu ile, tena kifuani. Katika ndege ya pili viatu vikaanza kubana, vikavuliwa, na tulipotua havikuingia tena. Tulipita uhamiaji vikiwa vimekanyagwa nyuma kama kandambili. Begi lililokuwa na viatu vingine na kanzu nyingine halikufika siku ile.

Jioni tulikuwa sokoni tukiangalia mzigo. Bei tuliyotajiwa tuliijua kuwa ni kubwa. Siku nyingine yoyote tungeaga kwa upole, tungezunguka maduka mengine matano, kisha tungerudi. Siku ile tulikubali. Mmoja wetu alikuwa hawezi tena kutembea, na mwingine alikuwa amelikumbatia begi kifuani ili doa lisionekane, na mtu aliyekumbatia begi hajadiliani bei vizuri. Hasara ile tuliihisi kwa miezi minane.

Tuanze basi na mwili wenyewe, maana nguo ya safari hushonwa kwa ajili ya mwili ulio safarini, nao si sawa na ule uliosimama mbele ya kioo nyumbani. Hewa ya ndani ya ndege haiwi kama ya pwani. Abiria huwa kana kwamba yuko juu ya mlima wenye kimo cha kati ya mita 1,800 na 2,400. Kwa hiyo gesi ya tumboni hutanuka, na mshipi au suruali iliyokuwa sawa uwanjani huanza kukata kiunoni baada ya saa mbili. Hewa hiyo pia ni kavu mno, unyevu wake mara nyingi huwa chini ya asilimia 20, na sisi tuliozoea jasho la Dar es Salaam huona midomo ikipasuka na macho yakiwasha. Kisha kuna baridi ya usiku wa manane, wakati abiria wote wamelala na blanketi la ndege ni jembamba kama mtandio.

Lakini jambo kubwa ni miguu. Mtu anapotembea, misuli ya ndama husukuma damu kurudi juu kuelekea moyoni. Anapokaa saa saba bila kusimama, damu na maji hutuama chini na mguu huvimba. Kwa wengi uvimbe huo hupungua wenyewe baada ya siku moja. Kwa wachache, damu huganda ndani ya mshipa, na bonge hilo likisafiri hadi kwenye mapafu linaweza kuua. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2007 likaeleza kuwa hatari hiyo huongezeka takriban mara mbili kwa safari ya saa nne na zaidi ya kukaa bila kujongea, ingawa kwa mtu mwenye afya inabaki kuwa ndogo, kiasi cha mtu mmoja kwa kila 6,000. Wajawazito, waliofanyiwa upasuaji karibuni, wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango na waliowahi kuganda damu hawamo katika hesabu hiyo ya watu wenye afya. Hao waende kwa daktari kabla ya kwenda kwa fundi.

Kwa hiyo, dada yetu, anza chini upande juu. Kiatu cha safari ni kile ulichokwisha kukivaa mwezi mzima hapa hapa Kariakoo, kisicho na kisigino, chenye nafasi ya kuingiza kidole nyuma. Kiwe cha rangi nyeusi au kahawia iliyokolea, cha ngozi au cha kufanana na ngozi, ili kinachokufaa uwanjani kikufae pia mezani kwa mwenye kiwanda. Kiwe cha kuchopeka au cha mkanda unaolegezeka, kwani katika ukaguzi huenda ukatakiwa kukivua, na kuinama kufunga kamba huku foleni imekusimamia nyuma ni adha. Viatu vya wazi kabisa hatuvipendi. Ndege ina baridi, sakafu ya choo chake huwa na maji, na ikitokea dharura mtu hukimbia vizuri zaidi akiwa amefunikwa mguu. Na ukumbuke kuwa viatu vyenye kisigino chenye ncha huvuliwa kabla ya kuteleza kwenye lile puto la kushukia, visije vikalitoboa.

Soksi za kubana, zile ndefu zinazofika chini ya goti, huuzwa katika maduka ya dawa na ya vifaa vya hospitali. Utafiti umeonyesha kuwa zinapunguza uvimbe na kuganda kwa damu katika safari ndefu. Zipimwe kwenye mguu wako, usiazime za mtu, maana soksi isiyo ya kipimo chako hujikunja chini ya goti ikawa kamba. Na hapa tunamwambia mumeo, ambaye tunajua atalisoma gazeti hili: soksi hizi si za mtu mwenye kisukari kilichoathiri mishipa ya miguu au mwenye kidonda, mpaka daktari wake aseme.

Soksi hizo zinaleta suala la udhu, nalo ni vizuri likaamuliwa nyumbani. Kuzivua katika choo cha ndege, penye nafasi ya kugeuka tu, kisha kuzipandisha tena juu ya mguu wenye maji, ni kazi ambayo imewafanya watu tunaowajua waache kuzivaa. Msafiri anayo ruhusa ya kupaka maji juu ya khofu kwa siku tatu na usiku wake, ikiwa alizivaa akiwa na udhu. Ama soksi za kitambaa, wanavyuoni wa Kishafii, ambao wengi wetu wa pwani tunawafuata, huweka masharti ya uzito na ya kutopitisha maji, na wako wanavyuoni wengine waliolegeza. Amuulize kila mtu sheikh wake kabla hajaondoka. Ziko pia khofu nyembamba za ngozi zinazovaliwa juu ya soksi na ndani ya kiatu, nazo huondoa mjadala wote. Mikono ya nguo nayo iwe ya kupandishwa kwa urahisi hadi juu ya kiwiko. Mkono uliobanwa kwa vifungo vitano ni pambo zuri harusini na ni mtihani kwenye beseni la ndege. Na tukimaliza tuifute sakafu kwa karatasi, maana anayetufuata hajui kama ni maji ya udhu au ni kitu kingine.

Sasa tuje kwenye baibui, ambalo mama mkwe amelisemea. Mama, baibui la mawe tunakuomba libaki kabatini. Mawe yale huchoma mgongo unapoegemea kiti, hunasa kwenye mkanda na kwenye nywele za jirani, na yale ya chuma hupiga kelele kwenye mashine ya ukaguzi. Mwanamke akapapaswa mara tatu katika viwanja vitatu kwa ajili ya urembo ambao hakuna aliyeutazama. Heshima unayomtakia mkweo tunaiunga mkono, ila itafutwe kwenye mshono na kwenye usafi.

Dada yetu anauza vitambaa, hivyo tutasema naye kama mwenye ujuzi. Kitani kinapitisha hewa vizuri kuliko vyote, na kikikaliwa saa moja kinakuwa kama karatasi iliyofinyangwa. Pamba tupu inapendeza mwili lakini nayo hushika mikunjo na ikilowa huchelewa kukauka. Poliesta, ambayo ndiyo nyuzi ya mabaibui mengi yanayotoka Dubai, yakiwamo yale yanayoitwa nida, haikunjiki na hukauka upesi, lakini hufungia jasho na, ikishika moto, huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Hakuna kitambaa kimoja kilicho na mema yote. Sisi tumetulia kwenye mpango huu: pamba iguse mwili, na kitambaa kisichokunjika kiwe juu. Ndani vaa fulana ya pamba yenye mikono mirefu na suruali ya pamba iliyolegea, yenye mpira laini kiunoni. Suruali hiyo ndiyo sehemu ya hoja ya wifi tunayoikubali kwa moyo mmoja. Mtu aliyeivaa anaweza kulala, kunyoosha miguu, hata kuinua goti hadi kifuani, bila kuhofia kwamba pindo limepanda. Juu yake baibui jeusi au la rangi ya bluu iliyokolea, la krepu nzito kidogo, lisilobana kwapani wala kifuani.

Urefu wa baibui hilo utazame kwa makini kuliko urembo wake. Lile la kuburuta huchota maji ya chooni, hukanyagwa na magurudumu ya mabegi, na kwenye ngazi za umeme za viwanja vikubwa linaweza kunaswa na kumwangusha mtu. Mwambie fundi alipandishe hadi usawa wa kifundo cha mguu ukiwa umevaa kile kiatu cha safari, si kingine. Akiwa ameshika mkasi, mwambie akutilie mfuko wa ndani wenye zipu, upande wa kushoto chini ya mbavu, wa kutosha pasipoti na fedha za siku moja. Fedha kubwa zina taratibu zake za benki na za kutangazwa forodhani, na hizo mumeo anazijua. Tunachosema ni kwamba pasipoti iliyo mwilini haisahauliki kwenye kiti.

Kichwani, mtandio wa jezi ya pamba au wa viskosi hukaa bila pini nyingi. Kofia ya ndani iwe ya pamba, isibane paji la uso, kwa kuwa kichwa kilichofungwa kwa nguvu katika hewa kavu huuma kabla ya nusu ya safari. Nyuma usifunge fundo kubwa la nywele, litakunyima kuegemea. Pini ziwe mbili na ziwe ndogo. Ukitakiwa kukaguliwa ushungi, una haki ya kuomba kwa upole afisa wa kike na mahali pa faragha. Omba mapema, kabla hujafika mbele ya mashine, na utasikilizwa zaidi. Wanaovaa nikabu wajue kwamba kwenye uhamiaji uso utalinganishwa na picha, hivyo ifungwe kwa namna inayofunuliwa bila kuvuruga ushungi wote.

Rangi nyeusi ina adui mmoja ambaye hakuna aliyetuonya juu yake: blanketi la ndege. Ukilala nalo unaamka umejaa manyoya meupe kama uliyelala ghalani kwenye pamba. Dawa yake ni selotepu pana, kipande cha kiganja, unajibandika na kujibandua kwa dakika tano. Dawa bora zaidi ni kuwa na khanga yako mwenyewe.

Na juu ya khanga tutaongea kidogo zaidi, maana tumeona wasafiri wakinunua mito ya shingo, vitambaa vya macho na mashuka ya safari kwa bei ya doti kumi. Doti moja ya khanga kutoka Mtaa wa Uhuru, iliyofuliwa mara kadhaa mpaka ikalainika, ni shuka, ni mto ikikunjwa, ni pazia la kulalia, ni msala, ni ushungi wa akiba ukimwagikiwa mchuzi, ni taulo, na ni kifungio cha begi lililokatika zipu. Mdogo wako naye achukue kikoi kwa sababu hizo hizo. Vinakauka upesi, na havipimwi uzito na yeyote.

Tukiwa kwa mdogo wako, tumalizane naye. Kanzu ni vazi la heshima na hatumzuii kuivaa, ila isiwe nyeupe. Ziko za rangi ya kijivu, ya udongo, ya kahawia, na zina heshima ile ile, na chai ikimwagika hazitangazi. Ndani avae suruali nyepesi, kwani kiti cha dirishani humlazimisha mtu kuvuka magoti ya wenzake. Akipendelea suruali na shati, basi suruali ya sufi nyembamba ni bora kuliko jinzi. Sufi nyembamba haina joto kama watu wanavyodhani, mikunjo yake huanguka yenyewe ikitundikwa usiku, na haishiki harufu upesi. Jinzi ni nzito, hukata kiunoni na nyuma ya goti, na ikilowa mvua ya Guangzhou inabaki mbichi mpaka kesho kutwa. Koti asilikunje kwenye begi. Aligeuze ndani nje, alikunje mara moja kwa urefu, aliweke juu kabisa ya mizigo mingine kwenye sanduku la juu. Kofia yake ya mkono aitie ndani ya kopo dogo la plastiki, hapo hata wanga wake utasalimika.

Kuhusu manukato tutakuwa wakali kidogo. Udi na attari ni mila yetu na tunaipenda, lakini ndege ni chumba kilichofungwa chenye watu mia mbili na zaidi, wengine wakiwa na pumu na wengine na mimba changa. Fukiza nguo siku mbili kabla na uziache zipoe hewani. Harufu itakayobaki inatosha.

Begi la mkononi ndilo lililotuokoa katika safari zetu zote za baadaye. Humo huingia seti moja kamili ya nguo za miadi, kuanzia ya ndani hadi ya nje, na usiiamini tumboni mwa ndege hata kama mhudumu amekuhakikishia kwa kiapo. Ikunje kwa kuviringisha, ndani ya mfuko wa plastiki wa dobi, kwani plastiki huteleza na mikunjo haishiki. Weka pia mswaki, sabuni kipande, losheni isiyozidi mililita 100 kama sheria za viwanja vingi zinavyotaka, dawa zako za siku tatu, jozi ya pili ya soksi, na shali nene kidogo.

Shali hiyo unaitaka kwa sababu safari moja ina hali za hewa nne. Ukipitia Dubai au Doha miezi ya Julai na Agosti, nje ni nyuzi 40 na zaidi, na ndani ya jengo kuna baridi ya kutetemesha. Ukipitia Addis Ababa, ule ni mji ulio zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake si wa mtu aliyevaa dera. Guangzhou yenyewe kiangazi chake ni joto la jasho kama la kwetu, au kupita. Machi na Aprili unyevu huzidi mpaka kuta na sakafu za nyumba zikatoa maji, na nguo iliyofuliwa jioni asubuhi haijakauka. Januari kuna baridi ambayo kwa kipimo si kali sana, lakini majengo mengi ya kusini mwa China hayana mitambo ya kupasha joto, hivyo unakaa kwenye ofisi ya mwenye kiwanda huku umevaa koti, na yeye pia amevaa lake. Wanaokwenda kwa ajili ya yale maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou, yaliyoanza mwaka 1957 na hufanyika Aprili na Oktoba, wajue kuwa Aprili ni ya mwavuli na Oktoba ndiyo ya raha.

Sasa saa nane mchana, miadi. Dada yetu anadhani ataingia mbele ya watu waliovaa suti. Huenda mwenye kiwanda akaja na fulana ya kola na viatu vya raba, akakukaribisha chai kwenye vikombe vidogo kabla ya kutaja bei yoyote. Hatazami bei ya baibui lako. Anatazama kama umechoka. Muuzaji mzoefu, na wewe ni mmoja wao, humjua mteja mwenye haraka ya kuondoka kabla hajafungua kinywa. Anaona anavyobadilisha mguu, anavyoangalia kiti, anavyosema "sawa, sawa" kabla maelezo hayajaisha. Mara ngapi wewe mwenyewe, pale dukani kwako, umemwona mama aliyebeba mtoto mgongoni saa saba za jua ukajua kwamba huyu hatarudi nyuma kwa shilingi elfu mbili?

Basi ukitua asubuhi, usiende moja kwa moja. Guangzhou imetangulia saa tano mbele ya Dar es Salaam, kwa hiyo mwili wako utakuwa unadhani bado ni usiku. Fika hotelini, oga, tundika baibui la miadi bafuni huku maji ya moto yakifuka mvuke, nalo litanyooka bila pasi. Vua soksi za kubana, inua miguu ukutani kwa nusu saa, vaa soksi kavu. Vaa kile kiatu ulichokizoea. Soko la vitambaa la Zhongda, ambalo mumeo amekutajia, liko wilaya ya Haizhu na ni majengo kwa majengo, vichochoro vya kutwa nzima. Hata wenyeji hulitembea kwa viatu vya raba, nawe siku ya kulizunguka hilo vaa vya raba bila haya yoyote.

Kanzu moja safi ya mdogo wako, na baibui moja safi lako, viwekwe akiba visiguswe kwa biashara. Siku ya Ijumaa mtapenda kufika msikiti wa Huaisheng, wenye mnara wa kale mrefu na mweupe, ambao ni miongoni mwa misikiti mikongwe kabisa ya China. Mitaa ya Xiaobei, ambako Waafrika wengi hufikia, haiko mbali, na huko mtapata migahawa ya halali.

Kwa mama mkwe tuna ombi moja. Lile baibui la mawe alitoe kabatini siku mkwewe atakaporudi salama, amvishe mwenyewe kwa mkono wake, na wapige picha. Wifi naye achukue zamu ya kukaa dukani siku hizo kumi, maana barua haikutuambia nani atakayefungua duka, na wateja wa mapazia kabla ya sikukuu hawana subira.

Dada yetu, siku kumi na mbili zinatosha kwa fundi ikiwa utamwendea kesho. Baibui ukalivae nyumbani siku nzima kabla ya safari, ukae nalo sakafuni, upande nalo daladala, uswali nalo, ulale nalo mchana. Likikukera mahali popote, mrudishie. Na ukirudi, utuandikie kama kiatu kilikaa.